Mnaomwita babu wa T. rex, pigeni hesabu kwanza

Juzi nilikuwa nakula shingo ya kuku, ile ya kutafuna pingili moja moja, katikati nikaacha nikaanza kukikodolea macho kile kimfupa na vitundu vyake. Mezani wakadhani nimetafuna mchanga. Kumbe nilikuwa nimemkumbuka Eodromaeus.

Huyu kwa wasiomjua ni dinosaria mla nyama wa mwanzo mwanzo kabisa, miaka kama milioni 230 iliyopita. Aliokotwa Argentina kule bonde la Ischigualasto mwaka 1996 akaja kutangazwa 2011, yaani miaka 15 yote hiyo, na mwanzoni jamaa walidhani ni Eoraptor mwingine tu, dinosaria mdogo wa bonde hilohilo. Urefu kama mita 1.2 na hapo mkia ndo umekula sehemu kubwa, uzito kilo 5 hivi, sawa na paka aliyeshiba. Na mifupa ya shingo yake ina matundu ya hewa, mambo ya ndege hayo, ndo maana ile shingo ikanikamata.

Sasa kinachoniudhi, habari nyingi nilizosoma zinamwita "babu wa T. rex", yule dinosaria mkubwa mla nyama. Jamani. T. rex alitoweka miaka milioni 66 iliyopita, kwa hiyo kati yake na huyo babu kuna zaidi ya milioni 160! T. rex yuko karibu na mimi na wewe tunaochezea simu kuliko na huyo babu yake. Halafu ukisema hivyo ni kama vile mnyama alikaa tu anasubiri ukoo wake ukue, wakati alikuwa na shughuli zake, jina lenyewe maana yake mkimbiaji wa alfajiri, na kukimbia ilibidi maana wababe wa pale walikuwa ndugu wa mamba kina Saurosuchus, dinosaria wenyewe walikuwa wachache.

Mi ninayempenda zaidi ni yule Eoraptor aliyefananishwa naye. Wamelingana umbo, wameishi bonde moja, lakini hiyohiyo 2011 wataalamu wakamtoa kwa wala nyama wakampeleka kwenye ukoo wa wale wenye shingo ndefu wala majani, ukoo wa lile jitu la Tendaguru kule Lindi ambalo leo limesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Yaani vijinyama viwili vya kubeba kwapani, upande mmoja, wa wala nyama waliozaa ndege, unaishia kwa kuku, mwingine kwa jitu.

Ila kichwa cha habari kinachosema "babu wa jitu la Lindi" bado sijakiona, nadhani hakiuzi.