Chuku mbili

Jumapili nilipanda mlima Menengai, hapa Nakuru, mbio baada ya miezi minne ya kukaa tu, na kilichonimaliza si kupanda, ni kushuka. Jumatatu nilikuwa nateremka ngazi za ploti kinyumenyume, mkono ukutani, watoto wa jirani wakinicheka. Jumanne mwenzangu wa mbio akanikokota hadi kwa kijana mmoja mtaani Bondeni anayeumika, yaani anayebandika vikombe vya kuvuta ngozi ili kupunguza maumivu.

Hatumii pembe ya ng'ombe ya kunyonywa kwa mdomo, kama ya wazee. Ana vikombe vya plastiki na pampu ya mkono. Alilipaka paja mafuta, akabandika kikombe, akavuta mara tatu, nyama ikaumuka mle ndani kama andazi kwenye karai. Dakika kumi za kubanwa. Alipovitoa nikasimama, nikajaribu kuchuchumaa, nikaweza! Nililipa bila kinyongo.

Ubishi ulianza aliponionyesha miviringo ya zambarau. "Unaona hiyo, bosi? Ni sumu inatoka."

Sumu gani? Ile ni damu iliyovuja kwenye vimishipa vidogo chini ya ngozi kwa kuvutwa, sawa na ukijigonga kwenye kona ya meza. Taka za mwili zina ini na figo, na hazingojei pampu. Si bure kwamba Kiswahili kina neno moja: kuumika ni kupiga chuku, na kutia chumvi ni kupiga chuku. Ukutani kwake kuna picha ya muogeleaji Michael Phelps na alama zake za vikombe mabegani, Olimpiki ya Rio 2016. Haisemi kwamba alifika Rio tayari ana dhahabu 18 za Olimpiki.

Tena maumivu ya kushuka mlima hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Mimi nilienda siku ya pili. Huenda kikombe kilisifiwa kwa nafuu ambayo ingekuja yenyewe. Hata watafiti wanaotaka kulinganisha kikombe cha kweli na cha bandia hili huwasumbua, maana utamdanganyaje mtu? Ngozi yake inajua kama imevutwa.

Akataka na kunichanja, ili kikombe kivute damu. Wembe ulikuwa mezani, umeshatoka kwenye karatasi yake. Nikavaa suruali. Kwa Waislamu wanaofanya hijama, kuumika huko kwa kutoa damu, kwa imani, wanaongoja tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo, sina neno. Neno langu ni kwa wembe: ufunguliwe mbele yangu, na kikombe kilichoshika damu kitupwe, kwa sababu homa ya ini haiulizi nia ya mtu. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza, hata kwa vikombe vikavu, visivyo na kuchanjwa.

Nitarudi kwake nikishuka Menengai tena. Nimemwambia avute vikombe, habari za sumu aniachie. Amecheka, akaniuliza kama nataka picha ya paja langu iwekwe kando ya Phelps.