Mjomba Alipofungua Kamera Kutafuta Picha

Mimi na shemeji yangu, mume wa dada, hatujawahi kugombania pesa, siasa wala mpira. Tunagombania kamera. Mimi mtu wa filamu, yeye mtu wa dijitali. Familia ikikutana, watu wakishasalimiana na kujuliana hali, lazima atokee mmoja wa kuchokoza makusudi: "Eti wataalamu, hivi kamera ipi bora?" Kisha anavuta kiti apate burudani yake.

Hoja zetu hata watoto wanazijua kwa moyo. Mimi nasema filamu inakutuliza. Roli ya milimita 35 inakupa picha 36, basi. Ukizimalizia kwa paka aliyelala, shauri yako. Kwa hiyo unatazama kwanza, unasubiri, ndipo unabonyeza. Shemeji anasema huo si utulivu, ni ubahili. Yeye anapiga mia, anafuta tisini, anabaki na kumi safi na mfuko haujaguswa.

Mimi nitasema filamu ya rangi inavumilia mwanga uliozidi: anga linabaki na mawingu yake, wakati dijitali ikishaliunguza anga, pamebaki peupe pe, hakuna wa kulirudisha. Yeye atajibu kwamba kwenye kivuli mambo yanageuka. Filamu ikikosa mwanga inatoa tope, ila faili lake analivutavuta kwenye kompyuta mpaka uso wa mtu unachomoza gizani. Tena jua likizama yeye anabonyeza tu kubadili ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na mimi nimefungwa na 400 yangu mpaka roli iishe. Hapo anasema kweli. Sijawahi kumwambia, na nisingependa ajue.

Sasa bibi akatangaza kwamba anataka picha moja ya ukoo mzima, wazee kwa watoto, ili aitundike ukutani kabla, kwa maneno yake, "hamjaanza kupungua". Mtu akauliza kama tutafute mpiga picha. Watu wakamshangaa. Wapiga picha wawili tunao humu humu ndani, wa nini tena wa kulipwa?

Kuupanga ukoo ni kazi. Huyu hasimami karibu na yule, shangazi anataka upande wake wa kushoto ndio uonekane, mtoto mmoja kila ukihesabu hayupo. Jua nalo halina subira. Hatimaye wakatulia. Shemeji akapiga mfululizo, tratatata, bila kushusha kamera. Mimi nikapima mwanga, nikazungusha lenzi, nikasubiri mtoto mmoja afumbe mdomo, nikabonyeza. Klak! Nikavuta mkono wa kusogezea filamu, nikabonyeza tena. Safi.

Watu wote wakamkimbilia shemeji. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera yake walijiona pale pale, rangi zinang'aa. Bibi akaletewa miwani, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Kila mtu akajitafuta yeye kwanza, kama kawaida ya binadamu. Kisha wakanigeukia mimi: "Haya, na yako tuone."

Nikaigeuza kamera yangu. Nyuma ina mfuniko wa bati jeusi, hauna kitu.

"Mpaka ikasafishwe," nikasema.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha heshima. Mjomba peke yake ndiye hakucheka. Alikunja uso kama fundi. "Yaani picha ipo ila haionekani?"

"Ipo, mjomba."

"Humo ndani?"

"Humo humo ndani."

Nikaiacha kamera mezani, nikaenda kusaidia kurudisha viti. Niliporudi, mjomba alinikabidhi kwa mikono miwili, na uso wa mtu aliyetenda wema asiyengoja shukrani.

"Mjomba, kamera yako nimekurekebishia. Kulikuwa na mkanda umejisokota mle ndani, rangi ya kahawia hivi. Sikuukata, usiogope. Nikafunga, nikaijaribu, inafanya kazi."

Kamera hizi za zamani zina kisahani juu kushoto cha kurudishia filamu. Ukikivuta kwenda juu, mfuniko wa nyuma unafyatuka, na filamu ambayo haijasafishwa ikiona mwanga inaungua. Mimi kulijua hilo nilisoma kitabu chake. Mjomba hakusoma kitu. Alizungusha kila kinachozunguka na kuvuta kila kinachovutika. Nikachungulia kidirisha cha hesabu ya picha, kile chenye namba ndogo kama za saa. Nilipoiacha mezani ilikuwa kumi na kitu. Sasa ilikuwa imerudi kule mwanzo kabisa, maana mfuniko ukifunguka tu, hesabu inaanza upya. Kamera yenyewe ilikuwa imeshatoa ushahidi.

Shemeji alipoelezwa, aliegemea ukuta asianguke. Alicheka hana sauti, mabega tu yanatikisika. Alipopata pumzi akasema, "Ndugu zangu, ndiyo maana siku zote nawaambia." Akapeana mikono na watu. Mtu akampa hongera. Mimi nikakaa pembeni na kamera yangu mapajani.

Jioni tukaitwa sebuleni, picha zitazamwe kwenye televisheni. Bibi akapewa kiti cha mbele. Shemeji akaunganisha kamera na kompyuta kwa waya, kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, ikasema hakuna kitu. Akachomoa, akachomeka. Hakuna kitu. Akaupuliza waya. Mwishowe akafungua kile kimlango cha memori kadi ubavuni mwa kamera, akachungulia, akaingiza kidole. Nilikuwa jirani naye, nikakiona kidole kikiingia na kutoka bila kugusa chochote.

Memori kadi ilikuwa kwenye kompyuta. Kompyuta ile ile, upande wa pili, tangu alipohamisha picha jana yake.

Mtu atauliza: mbona picha zilionekana? Zilionekana kweli. Kamera nyingi za dijitali zina mpangilio unaoziruhusu kupiga hata bila kadi, ili muuzaji aweze kumwonyesha mteja inavyofanya kazi, na mara nyingi zinatoka kiwandani zikiwa hivyo. Unabonyeza, inalia, picha inatokea kwenye kioo kwa muda, kisha inayeyuka. Onyo huwa linaandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Sasa pale, na bibi anavyocheka katikati ya kioo, nani angesoma herufi za pembeni?

Nikakohoa. Nikamkumbusha shemeji, kwa upole tu, kwamba kamera ya kwanza ya dijitali aliiunda mhandisi Steve Sasson kule kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo nne, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe ya megapikseli 0.01, na kila moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kanda ya kaseti. "Lakini shemeji," nikasema, "kanda aliiweka."

Hakunijibu. Bibi ndiye aliyetujibu sote wawili: "Kwa hiyo mmenisimamisha juani, mimi na miguu yangu hii, mpige hewa?"

Asubuhi ukoo ulikuwa umetawanyika. Filamu yangu nikaipeleka kusafishwa hivyo hivyo, ingawa kila mtu aliniambia itupe. Nilikuwa na sababu. Filamu ikishapigwa huwa inajiviringa kwenye mhimili ndani ya kamera, mpya juu ya ya zamani. Mfuniko ukifunguliwa, mwanga unaunguza tabaka za juu, na zile za ndani kabisa hujificha chini ya wenzake. Na ambayo haijapigwa bado imetulia kwenye kopo lake. Kwa hiyo za mwanzo zina matumaini, na za baada ya ajali pia. Za katikati, Mungu anajua.

Negativu zilipotoka nikaziinua dirishani. Mwanzo: pazia, kiatu changu, paka amelala. Nilikuwa najaribu mwanga asubuhi ile. Paka ametoka vizuri mno, hadi sharubu zinahesabika. Kisha kingo zinaanza kuungua, kidogo, zaidi, na pale ukoo ulipopaswa kuwa pamejaa weusi tii, maana kwenye negativu kilichopata mwanga mwingi ndicho kinachokuwa cheusi. Ukoo mzima, wazee kwa watoto, umegeuka mkaa.

Baada ya mkaa ule, fremu moja nzima. Mjomba.

Alikuwa ameigeuza kamera aitazame lenzi, na kwa kuwa alishazungusha kila kitu, alizungusha na umbali, ukaangukia usoni mwake kamili. Nusu ya picha ni pua. Jicho moja limetazama moja kwa moja, limejaa udadisi, na ndani ya mboni unauona mti. Ubavuni umepita mwale wa rangi ya machungwa, kovu la mwanga wa mfuniko, umemmulika shavu. Nimepiga filamu miaka mingi na sijawahi kutoa picha ya mtu nzuri kama ile. Mpwa wangu alipoiona aliniuliza nimetumia programu gani, maana hiyo rangi ya ubavuni watu wanaitafuta kwenye simu.

Bibi ameitundika. Alitaka picha ya ukoo, kapata pua ya mwanawe, na anasema walau huyu kaonekana.

Tulipokutana tena, mchokozi akauliza kama kawaida yake kamera ipi bora. Kabla mimi na shemeji hatujafungua mdomo, mjomba alishasimama.

"Dijitali ni ile ya kupiga watu halafu wanapotea. Filamu, bwana. Ila," akaniangalia, akashusha sauti kama anayetoa siri ya kazi, "hao hawataki kuwaambia: lazima uifungue kidogo, ipate hewa."