Pancha ya Baiskeli ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Kuhusu baiskeli hawakusema kitu, kwa hiyo nikajipa ruhusa.

Nilimwomba mzee wa jirani baiskeli yake kwa saa moja tu. Akanipa shingo upande, baada ya kuupangusa usukani kwa kitambaa mara mbili na kunikumbusha kwamba saa kumi ana safari yake. Ni baiskeli ya zamani, naye anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kengele inang'aa, mnyororo una mafuta, na nyuma ya tandiko kunaning'inia kimfuko cheusi cha ngozi ambacho mimi nilikichukulia kuwa pambo.

Wakati wa kurudi gurudumu la nyuma likaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Nikashuka. Tairi limelala chapati. Nikaisukuma baiskeli hadi kwangu na kuiingiza kwa mlango wa uani, nikiwa nimeinama ili mzee asinione juu ya ua. Ilikuwa saa nane u nusu.

Mtu mwenye akili zake angekwenda moja kwa moja kwa fundi. Lakini nimewatazama mafundi wakiziba pancha tangu utotoni, dakika kumi tu, huku wakipiga soga na wapita njia. Na kazi ya kuitazama haijapata kuwa ngumu.

Kulitoa tairi kwenye rimu, fundi hutumia vyuma vifupi bapa vyenye ncha butu, mfano wa mipini ya vijiko. Basi nikaenda jikoni. Kijiko cha kwanza kikapinda kikawa ndoana. Cha pili kikachomoka na kunipiga kidevuni.

"Baba nanihii, hivyo si vijiko vya wageni?" mke wangu akauliza kutoka dirishani.

Sikujibu. Nikachukua bisibisi. Bisibisi ikaingia vizuri sana, vizuri kupita kiasi, na tairi likatoka. Hiyo bisibisi naomba uikumbuke.

Binti yangu wa miaka tisa akaleta beseni la maji. Nikatia upepo kidogo kwenye tyubu, nikaizamisha kipande kwa kipande, na hapo vikaanza kupanda vipovu vidogo, kimoja kimoja, kama samaki anayenong'ona. Tundu lenyewe dogo kiasi kwamba hata sindano ingeona haya kupita. Nilishangilia! Nikalizungushia alama kwa kalamu ya binti yangu, nikaipangusa tyubu vizuri ikauke, na alama ikaondoka pamoja na maji. Tukaanza upya.

Kiraka sina. Nikakata kidole cha glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Gundi nikachukua ile ya viatu. Najua sasa, na pengine wewe ulijua zamani, kwamba unaparuza kwanza kwa msasa, unapaka gundi nyembamba, kisha unakaa kitako dakika kadhaa mpaka isinate kidoleni, ndipo unabandika na kukandamiza. Kwangu mimi gundi iliyokauka ilikuwa gundi iliyoharibika. Nikabandika ikiwa mbichi inachuruzika, kiraka kikateleza kama kipande cha sabuni. Nikakirudisha. Kikateleza. Nikakishikilia kwa kidole gumba mpaka kidole chenyewe kikaganda.

Hatimaye kikashika. Nikatia upepo, na palepale kwenye tundu pakachipuka puto la manjano. Likakua, likawa limau, likawa chungwa.

"Baba, linapendeza," binti yangu akasema, na likapasuka.

Akanionea huruma, akaniletea mpira wake wa zamani uliokwisha pasuka. Ule ulikuwa mnene. Nikakata kiraka, nikakibandika, safari hii nikasubiri. Kikashika kweli. Nikairudisha tyubu kwenye beseni ili nijisifu, na vipovu vikapanda kutoka sehemu nyingine kabisa, matundu mawili jirani, upana wa bisibisi.

Viraka vikawa vitatu. Nikarudisha tairi, nikapiga pampu mpaka mabega yakaniwaka. Gurudumu likasimama imara. Nikalibonyeza, gumu. Nikakaa chini nifute jasho, na katika ule utulivu nikasikia: pssss.

Mwiba. Ulikuwa bado umo kwenye tairi, umetulia kama mwenye nyumba. Ningepitisha kidole ndani ya tairi mara moja tu ningeukuta. Nilipitisha baadaye, na ulinikuta wenyewe.

Mwaka 1888 daktari wa mifugo mmoja wa Belfast, John Boyd Dunlop, alipata hataza ya tairi la upepo, aina aliyoibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo watu waliendesha mpira mgumu usio na upepo: pancha hakuna, ila meno yanagongana njia nzima. Saa tisa na dakika arobaini, nikinyonya kidole chenye damu na gundi, nilikuwa tayari kuyatoa meno yote.

"Hodi!"

Mzee alikuwa keshaingia. Akatazama beseni. Akatazama ndoana iliyokuwa kijiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Hakuuliza kitu. Alichuchumaa polepole, akanyoosha mkono nyuma ya tandiko, akafungua kifungo cha kile kimfuko cheusi na kuvipanga vitu juu ya kitambaa chake kimoja baada ya kingine: vyuma viwili vyenye ncha butu, kipande cha msasa, gundi, na kikopo kilichojaa viraka.

Nikamgeukia binti yangu.

"Mimi nilivichungulia mapema, baba," akasema. "Nikadhani unajua."

Mzee akaitoa tyubu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mtoto usingizini, akaipitisha vidoleni huku akivihesabu viraka vyangu kwa sauti. Kisha akaokota glavu ya manjano pembeni ya beseni, akaigeuza huku na huku.

"Na huyu," akaniuliza, "kidole chake kimekwenda wapi?"