Kinanda Chenye Tano Mbili

Ensoniq EPS ni kinanda cha mwaka 1988, kilichotoka Malvern, Pennsylvania, na ukikiwasha bila flopi, ile diski bapa ya kompyuta za zamani, hakijui lolote. Hakina piano, hakina ogani, hakina hata habari kwamba chenyewe ni kinanda. Mfumo wake wote unakaa kwenye flopi. Ukishaichomeka, kinaisoma huku kikikoroma, kisha kinaandika kwenye kioo kwamba kinapima vitufe vyake na hakitaki mkono wa mtu. Ukikigusa wakati huo, vipimo vinapotoka na unaanza upya. Mama mkwe alipotafsiriwa maneno hayo pale sebuleni kwetu Section 58, Nakuru, aliuliza ni nani amemnunua nani.

Nilikinunua kwa mzee mmoja wa Bondeni aliyewahi kupiga muziki vilabuni miaka ya tisini. Alinipa pia kasha zima la flopi, baadhi zimeota ukungu. Kwa juu zilikuwa na lebo za mwandiko safi wa shule za zamani: Ogani ya Pasaka, Ngoma za Isukuti, Nyuzi Taratibu, Stejini. Ndani, hata hivyo, mzee alikuwa amehifadhi kila sauti kwa jina moja tu, SAUTI 1. Flopi zote. Boma ambalo kila mtoto ni Otieno: ukiita, hujui atakayeitika.

Hiyo flopi ya Stejini ina historia yake. EPS ni sampla, yaani unairekodia sauti yoyote kwa maikrofoni nayo inaitandaza kwenye vitufe. Ukibonyeza katikati unasikia sauti ilivyo. Ukipanda inakuwa nyembamba na ya haraka, ukishuka inakuwa nzito na ya kujivuta. Mzee aliwahi kutaka wimbo unaoanza na kelele za stendi ya matatu, kwa hiyo akaenda kumnasa makanga mmoja mwenye koo la chuma, "Bado mmoja! Bado mmoja twende!" Akaifanya izunguke, ili ukishikilia kitufe makanga asichoke. Wimbo wenyewe haukutoka, lakini makanga alibaki kwenye flopi akimngoja huyo abiria.

Shida ilikuja draivu, yaani kisoma flopi cha kinanda, ilipozeeka. Ilianza kwa kukataa flopi moja moja, ikamalizia kwa kukataa ile ya mfumo, na bila hiyo kinanda ni ubao wa kupigia pasi. Flopi mpya nazo ni hadithi: Sony, walioleta za inchi 3.5 mwaka 1981, walitangaza mwaka 2010 kwamba wanaacha kuziuza huko kwao Japani, na mwaka uliofuata wakaacha kweli. Ukibahatika kupata moja mjini, utakuta ni ya megabaiti 1.44, na kinanda changu ni cha zile za kabla yake. Inabidi uzibe kitundu cha pembeni kwa selotepu ili kompyuta ikubali kwamba hiyo ni ya zamani. Nimewahi kukaa usiku kucha nikidanganya plastiki.

Fundi wangu, ambaye duka lake ni upana wa mlango wake, ndiye aliyeniambia habari za Gotek.

"Mwalimu," akasema (mimi hufunza kwaya, basi), "achana na flopi. Kuna kidude kinakaa pale pale pa draivu, kinachomekwa flashi. Kinanda kitadhani ni flopi."

"Na kikigundua?"

"Kigundue na nini?"

Kazi kubwa ilikuwa kuzihamisha zile flopi ziingie kwenye flashi. Draivu za flopi za kuchomeka kwa USB hazikufaa, maana Ensoniq walipanga mambo yao kivyao: pale ambapo kompyuta inaweka sekta 9 kwenye kila mzunguko, wao waliweka 10, wakapata kilobaiti 800 badala ya 720. Draivu ya USB ikiona hivyo inasema diski imeharibika na kukuuliza kwa upole kama iifute. Inatakiwa kompyuta ya kale, yenye draivu iliyofungwa moja kwa moja kwenye ubao wake. Niliipata kwenye ofisi ya kupiga chapa karibu na mahakama, chini ya rundo la hati za viapo. Nikaiwasha kwa mfumo wa Linux, ambayo ukiielekeza idadi ya sekta haina ubishi, nikaanza kunakili. Mama mwenye ofisi alisumbuka kidogo na bei, kwa kuwa yeye hutoza kwa ukurasa. Mwishowe akaamua kila flopi ni ukurasa mmoja wa rangi. Nilipomwuliza kwa nini wa rangi, akanionyesha lebo.

Nakala zikaingia kwenye flashi kwa nambari. Hapo ndipo mwandiko mzuri wa mzee ulipoishia. Gotek haina lebo. Ina kioo kidogo cha tarakimu tatu nyekundu na vitufe viwili, kimoja cha kupanda na kingine cha kushuka. Mfumo wa kinanda niliuweka 000. Ngoma za Isukuti zikawa 014, Nyuzi Taratibu 015, Stejini 016. Niliziandika zote kwenye daftari, na kwa kuwa kila sauti ndani yake ni SAUTI 1, kioo cha kinanda hakikuwa na msaada wowote. Nategemea zile tarakimu nyekundu peke yake.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda. Mara ya kwanza taa ya Gotek iliwaka na haikuzima, na fundi hakushtuka. "Waya umegeuka," akasema. Ule waya mpana una nyuzi 34, na ukingo mwekundu lazima uelekee pini ya kwanza. Nusu ya zile pini ni za ardhi, ukiugeuza kila kitu kinaungana na ardhi na draivu inadhani inaitwa muda wote. Akaugeuza. Kisha akahamisha jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili, kutoka S1 kwenda S0, kwani kompyuta huita draivu ya pili kwa desturi zake za waya uliopindwa, lakini vinanda vingi vya kale huita ya kwanza. Tukawasha. Kikaandika tutoe mikono. Sote wawili tukaitoa, pamoja na mteja aliyekuja kwa ajili ya redio yake.

Baada ya hapo nikaalikwa kupiga kwenye harusi Kisumu. Bwana harusi mtu wa Kondele, bibi harusi wa Kakamega, malipo shilingi elfu kumi. Kwa sababu za kiuchumi kinanda kilisafiri kwa Probox iliyokuwa ikipeleka viazi soko la Kibuye. Kililala juu ya magunia kuanzia Nakuru, na kuanzia Salgaa hadi Ahero hakuna tuta ambalo dereva aliliheshimu. Kericho nilishuka kukiangalia. Kilikuwa kimefunikwa blanketi, kimetulia, na kuku mmoja ambaye sikumwona wakati tunaondoka.

Kanisani nilikiwasha asubuhi. Nikaona ile sifuri ya mwisho kwenye Gotek ina kona haiwaki, chini kushoto. Kwa kuwa sifuri ni sifuri hata ikiwa na pengo, niliendelea. Nilipanda polepole nikihesabu kwa mdomo hadi kumi na tano, nikapakia Nyuzi Taratibu, nikajaribu maandamano ya bibi harusi. Mama mmoja wa kamati alifuta machozi kabla hata harusi haijaanza. Kila kitu shwari.

Kisha stima ikapotea.

EPS haina kumbukumbu ya kubaki. Stima ikienda, kila ulichopakia kimekwenda nayo. Jenereta ilipowashwa, bibi harusi alikuwa tayari mlangoni na babake, mpiga picha anarudi kinyumenyume, na mimi naanza upya kwa mfumo. Kinanda kikaandika tutoe mikono, na saa hiyo hiyo shangazi wa bwana harusi akatua mkoba wake juu ya vitufe.

"Shangazi, naomba utoe mkoba."

"Nauweka tu kidogo, mwanangu."

"Kinajipima."

"Kijipime. Mimi sikizuii."

Nikauondoa mwenyewe kwa heshima nikaanza tena. Sasa watu walikuwa wamesimama. Nikabonyeza kitufe cha kupanda nikakishikilia, maana ukikishikilia kinakimbia chenyewe: 011, nambari isiyosomeka, 013, 014, 015. Nikaachia. Nikaangalia vizuri. 015, nyekundu, wazi kabisa. Nikapakia SAUTI 1, nikakaa sawa, nikashusha mikono miwili kwenye kodi ya kwanza.

"BADO MMOJA! BADO MMOJA TWENDE!"

Na hakuwa mmoja. Kodi ya muziki ni vitufe vingi kwa pamoja, kwa hiyo walikuwa makanga kadhaa, mmoja mwenye sauti ya mtoto wa chekechea mwenye haraka, mmoja wa kawaida, na wa mkono wa kushoto akitoka chini ya ardhi: "Baaado mmmojaaa." Na kwa kuwa nilikuwa nimekanyaga pedali ya kuvuta sauti, wakaendelea hata nilipoinua vidole. Jamaa wa spika, badala ya kushusha, alipandisha.

Kanisa zima liligeuka kuangalia mlango. Bibi harusi naye akageuka. Hakukuwa na mtu nyuma yake, ila mtoto mwenye kikapu cha maua. Basi akarudisha uso mbele, polepole, akamtazama bwana harusi.

"Hakuna mwingine!" bwana harusi akapaza sauti, na hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. "Naapa! Yule tulimalizana!"

Nikatoa mguu kwenye pedali. Kukawa kimya. Nyanya wa bibi harusi, ambaye masikio yake hayamtumikii tena vizuri lakini siku hiyo yalimtumikia, akauliza yule ni yupi.

Nilijua nimo 016, ingawa kioo kilisema 015. Nikabonyeza kushuka mara moja. Kioo kikasema 015. Sasa wewe ungefanya nini? Ukibonyeza na nambari isibadilike, unaamini kitufe hakikusikia. Nikabonyeza tena. 014. Hapo nilikuwa nimepita, lakini mchungaji alikuwa ananifanyia ishara ya kidole cha kuzunguka, ile ya kusema piga chochote, na kidole changu tayari kilikuwa kwenye kitufe cha kupakia.

Ngoma za Isukuti zikaingia kwa nguvu zote za jenereta.

Lazima niseme kuhusu isukuti, kwa asiyejua. Ni ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na UNESCO iliuweka mchezo wake mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Pale kanisani ulilindwa. Upande wote wa bibi harusi ulipanda juu kwa vigelegele, mabega yakaanza kazi, na nyanya aliyekuwa anauliza yule ni yupi akawa wa kwanza kuingia kwenye njia ya katikati. Upande wa Kondele ulisita kidogo, ukaona haufai kushindwa nyumbani kwake, ukaingia. Bibi harusi alifika madhabahuni akiwa amelowa jasho, amecheka, na lile suala la yule likaahirishwa. Naambiwa lilizungumzwa baadaye kwa kirefu, lakini mimi sikualikwa.

Mchungaji alipofika mahali pa kuuliza kama kuna mtu mwenye pingamizi, hakuna aliyetazama mkutano. Wote, pamoja na mchungaji, walinitazama mimi. Niliinua mikono yangu miwili juu kabisa ya kichwa, na nikaiacha huko hadi aliposema tuendelee.

Jioni nilimpigia fundi simu. Akaniuliza kona ipi haiwaki. Chini kushoto, nikasema. Akacheka hadi simu ikakatika, akapiga tena. Tarakimu zile ni vijiti saba, akaeleza, na sita ikikosa kijiti cha chini kushoto inakuwa tano halisi. Nane inakuwa tisa. "Kwa hiyo una tano mbili na tisa mbili, Mwalimu. Lehemu imepasuka kwa hayo matuta. Umesafirisha na nini?"

"Viazi."

"Basi leta. Na hivyo viazi pia."

Mweka hazina wa kamati alinikuta nikifunga kinanda kwenye blanketi lake. Alikuwa ameshika bahasha na alikuwa anajizuia kucheka, tena vibaya. Akanihesabia noti za elfu kiganjani, moja moja, kwa sauti, hadi ya tisa. Kisha akafunga bahasha.

"Bado moja, Mwalimu," akasema. "Ikipatikana, twende."