Wastani wa msimu na upepo halisi wa ghuba za kitropiki

Mtu anayetaka kuujua upepo wa ghuba ya kitropiki, awe mpangaji wa bandari au mhandisi wa mitambo ya umeme, kwa kawaida hukabidhiwa ramani ya wastani wa msimu. Ramani hiyo ina hoja nzito nyuma yake. Katika ghuba pana kama ya Bengal, pepo za monsuni huvuma kutoka kusini-magharibi kuanzia Juni hadi Septemba, kisha hugeuka na kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Februari, na mgeuko huo ni mkubwa kiasi kwamba vurugu za siku mojamoja haziufichi. Isitoshe, kituo kimoja cha ufukweni kinaweza kudanganya: miti ikikua au jengo likiinuka karibu na kipimaupepo, takwimu za miaka mingi zitaonyesha upepo unaopungua ilhali baharini hakuna kilichobadilika.

Hata hivyo, kadiri ghuba inavyokuwa ndogo ndivyo hoja hiyo inavyopwaya. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukaingia kutoka baharini. Usiku nchi hupoa, upepo ukarudi baharini. Ukitafuta wastani wa kasi na mwelekeo kwa pamoja, pepo hizo mbili hufutana, na ramani ikaonyesha utulivu mahali ambapo kila alasiri maji huchafuka. Hata wastani wa kasi peke yake hupotosha. Nguvu inayoweza kuvunwa hufuata kasi iliyopandishwa kipeo cha tatu. Hivyo siku yenye saa 12 za mita 8 kwa sekunde na saa 12 za mita 2 ina wastani wa mita 5, lakini nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya ile ya upepo uliovuma mita 5 usiku na mchana.

Setilaiti nazo hazizibi pengo hilo. Rada za ASCAT, zinazopima upepo wa baharini kutoka angani na ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2006, hupita karibu saa 3:30 asubuhi na saa 3:30 usiku, ilhali upepo wa bahari mara nyingi hufikia kilele alasiri; tena karibu na pwani mwangwi wa nchi kavu huvuruga vipimo vyake.

Kwa maoni yangu, wastani wa msimu ubaki kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa ndio unaoonyesha iwapo upepo wa bahari utasaidiwa au utapingwa na monsuni. Ila usichapishwe bila jedwali la saa kwa saa la kila mwezi, na katika miezi ya mpito, monsuni inapolegea, jedwali hilo ndilo litegemewe kwanza.