Minofu ina faili, aliyeikata hana

Mwangaluka, ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa.

Kuna kitu kidogo hapa Uingereza ambacho hakijaacha kunifurahisha. Mfanyakazi anamfuata msimamizi wake, anamweleza kuwa ana jambo la kifamilia, anaomba siku mbili. Wanaongea dakika tatu wakiwa wamesimama. Msimamizi anakubali. Saa moja haijapita, mfanyakazi anapata barua pepe ya mistari mitatu: tumezungumza leo, umeruhusiwa Alhamisi na Ijumaa, siku hizo zinatoka kwenye likizo yako ya mwaka, umebakiwa na siku 11. Imeisha hiyo. Hakuna mhuri, hakuna kuzungushwa. Msimamizi akiacha kazi mwezi ujao, atakayekalia kiti chake ataikuta.

Kila nikiona ujumbe wa namna hiyo akili inakimbilia Mwanza, na furaha inageuka hasira.

Najua kitakachofuata. "Ameshakuwa Mzungu huyo." Ngojeni nimalize. Sijasema sheria ya huku ni bora kuliko yetu. Kwa mambo kadhaa yetu ndiyo bora, na hilo nalisema kifua mbele. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mgonjwa siku 126 ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Huku malipo ya ugonjwa ya kisheria ni kiasi kidogo cha wiki kisichofikia mshahara wa watu wengi. Ukipata zaidi ya hapo ni kwa hisani ya mkataba wa mwajiri wako. Ukifiwa na mzazi, mwenza, ndugu wa tumbo moja au babu, sheria yetu inakupa siku zisizopungua 4 zenye malipo. Huku, ukifiwa na baba yako, sheria inakuruhusu muda wa kiasi wa kushughulikia dharura, na mwajiri halazimiki kukulipa hata senti. Likizo ya maombolezo yenye malipo ya kisheria ilianza Aprili 2020, ikampa mzazi aliyefiwa na mtoto wa chini ya miaka 18 wiki mbili.

Na hapo sijagusa utu. Mtu wa huku anafiwa na mama, anarudi kazini, anakuta kadi mezani iliyosainiwa na watu kumi na wawili. Sisi gari la kampuni lingekuwa limeshabeba turubai, masufuria na nusu ya idara kwenda Magu.

Kwa hiyo tusigombane kuhusu sheria. Ninachogombana nacho ni faili.

Chukua kiwanda cha minofu ya sangara pale kwetu. Samaki akishuka kwenye gari la barafu anaandikwa: ametoka mwalo gani, kaletwa na nani, tarehe, uzito, joto lake. Anapewa namba ya shehena. Akikatwa, akioshwa, akipangwa, kila hatua ina karatasi yake na mtu wa kuisaini. Minofu mibichi inatunzwa karibu na joto la barafu inayoyeyuka, iliyogandishwa isipande juu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kipimajoto kinasomwa na kuandikwa kwa saa. Mnunuzi wa Ulaya akilalamikia boksi moja, wanarudi nyuma kwenye makaratasi mpaka siku na mwalo. Hatukuzaliwa tunajua hivyo. Tulijifunza kwa maumivu mwishoni mwa miaka ya 1990, Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu na watu wakakaa nyumbani bila kazi.

Sasa muulize aliyekata huo mnofu: ulianza kazi lini? Atakwambia "tangu mwaka ule wa mvua kubwa". Msimamizi wa zamu ana daftari lenye majina ya upande mmoja, Juma mrefu, Mama Neema, na alama ya vema mbele ya jina. Mnofu wa gramu 500 una historia kamili, na binadamu mwenye kisu hana tarehe. Siyo viwanda vya samaki peke yake. Nenda maduka ya Makoroboi, nenda hoteli, nenda kwenye magodauni ya dagaa Mwaloni.

Hiyo tarehe ndiyo fedha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 6 akipunguzwa anastahili siku 42. Mwajiri akisema "nakumbuka ulikuja juzi tu, miaka 3", zinabaki 21. Nusu ya haki ya mtu imeondoka kwa sababu hakuna aliyeandika mstari mmoja siku ya kwanza.

Kuna la msiba, na ndilo linaloniuma zaidi. Baba mdogo hayumo kwenye ile orodha ya sheria. Kwetu baba mdogo ni baba, na msimamizi anajua, maana naye ana wa kwake. Anakwambia, "Nenda ukazike, ndugu yangu, hapa tutaangalia." Huo ni utu ambao huku sijauona ukitolewa kirahisi hivyo. Mtu anapanda meli kwenda Nansio, anakaa Jumatatu hadi Jumamosi. Nyuma yake msimamizi yule anahamishiwa zamu ya usiku. Anayeshika daftari anakuta nafasi sita tupu, anaandika utoro. Na kwenye miongozo yetu ya kazi, kutokuwepo zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa zito linaloweza kumfukuzisha mtu. Mwisho wa mwezi anapokea barua. Anamtafuta aliyemruhusu, naye kwa kuogopa kibarua chake anasema, "Mimi nilidhani siku mbili." Hapo hakuna mwovu hata mmoja, na mtu mwenye watoto wanne ameshapoteza kazi.

"Sisi tunaaminiana," mtaniambia, "mambo ya kuandikishana ni ya watu wasio na undugu." Nakataa. Kamati ya harusi ina katibu, na katibu ana daftari lenye safu tatu: ahadi, taslimu, salio. Mjomba akiahidi laki mbili akatoa themanini, kikao kijacho anasomewa mbele ya watu kwamba anadaiwa laki na ishirini, na hakuna anayesema amevunjiwa undugu. Kikoba cha akina mama kinaandika mpaka faini ya kuchelewa. Kuandika tunajua sana. Tatizo ni kwamba kazini karatasi imeachiwa ugomvi. Mtu anakaa miaka mitano hajapewa hata nusu ukurasa, na barua ya kwanza kabisa yenye jina lake ni ya kutakiwa kujieleza. Lazima aiogope. Mimi ningeanza na karatasi za heri: umepandishwa mshahara, andika, umefanya vizuri zamu ya Pasaka, andika, umeruhusiwa kwenda kumuuguza mtoto, andika. Ya onyo ikija itakuta wenzake kwenye faili.

Mwajiri wa watu watatu naye ananisubiri. "Mimi nina kaduka tu, mkataba wa nini?" Mkataba ni wa kukulinda wewe, tajiri. Kifungu cha 15 cha sheria ileile ya 2004 kinakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi anapoanza: jina, umri, jinsia na anuani yake, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa, na marupurupu mengine kama yapo. Ukurasa mmoja unatosha. Mkifikishana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na huna ukurasa huo, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe. Yeye akisema mlikubaliana laki nne na wewe unasema tatu, wewe ndiye utakayetafuta ushahidi.

Tena uandike kwa Kiswahili. Sioni faida ya kumpa mkata samaki kurasa sita za Kiingereza aweke sahihi palipowekwa alama ya penseli. Sheria yenyewe inakutaka umfafanulie kwa namna anayoielewa.

Na shoti? Mhudumu wa kaunta ana mshahara wa 300,000, hesabu ya jioni imepungua 120,000, mwisho wa mwezi anapewa 180,000 na kuambiwa ashukuru hajafungwa. Haifanywi hivyo. Kwanza mwandikie: hasara ni kiasi gani, imetokeaje, umeikokotoaje. Mpe nafasi ya kuipinga, kwa sababu huenda droo ile inashikwa na watu watatu na funguo ni moja. Ikithibitika ni kosa lake, akubali makato kwa maandishi. Hapo tena usizidi robo ya mshahara wake: 75,000 mwezi huu, 45,000 mwezi ujao. Anayeruka hatua hizo ndiye anayejikuta anamrudishia fedha mtu ambaye kweli alikula hela.

Wenzangu maafisa utumishi, nanyi sitawaacha, kwa sababu hii ni kazi yetu. Najua bosi anapiga simu saa 9 alasiri: "Huyu simtaki kumwona kesho." Barua ya kujieleza inatoka saa 9 na nusu, ya kufukuzwa saa 11 jioni, zote zina tarehe moja. Halafu tunashangaa kushindwa. Sheria inataka vitu viwili kwa pamoja, sababu halali na utaratibu wa haki, na sisi tunabeba cha kwanza tu. Chunguza kabla hujatuhumu. Tuhuma iandikwe ikiwa na siku na tukio, siyo "utovu wa nidhamu" peke yake. Mpe muda usiopungua saa 48 ajiandae, umwambie anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Mwenyekiti wa kikao awe kiongozi ambaye hakuhusika na jambo lile. Msimamizi wa stoo aliyemtuhumu mtu asikae kumhukumu. Muhtasari uandikwe palepale na usainiwe palepale. Muhtasari uliotungwa baada ya wito wa Tume unajulikana tu: kalamu moja, siku moja, na mashahidi wote wanasema maneno yaleyale. Uamuzi utoke kwa maandishi ukiwa na sababu, na umweleze kuhusu rufaa. Yote hayo yanakamilika ndani ya wiki moja. Ukikimbia, aliyeiba kweli anarudi akiwa na haki mkononi, na bosi anasema Tume inawapendelea wafanyakazi.

Faili lenyewe halihitaji mtambo. Mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya NSSF, kumbukumbu za mishahara, fomu za likizo. Hizo za likizo msizidharau. Siku 28 za mwaka kwetu zinahesabiwa mfululizo, sikukuu ikiangukia ndani imeingia humo, na zisipochukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kuisha zinaanza kuleta maneno. Mtu akiondoka, baadhi ya kumbukumbu hizo mnatakiwa kubaki nazo miaka 5. Msigeuze makabati kuwa ya kuwekea vikombe.

Mtaniuliza kama huku hawaonewi. Wanaonewa. Kuna mikataba isiyoahidi hata saa moja ya kazi kwa wiki, mtu anakaa akiitazama simu kama mvuvi wa dagaa anavyongoja mbalamwezi ipungue. Lakini hata huyo anayo karatasi inayosema hajaahidiwa saa, na tangu Aprili 2020 ni haki yake kuipata siku ya kwanza. Anajua amesimama wapi. Anaweza kuondoka akijua anaondoka kwenye nini.

Mfanyakazi wa Igogo au Nyakato ataniambia, "Dada, wewe uko mbali. Mimi nikidai mkataba leo, kesho geti halifunguki." Hilo silipingi, na sitamwambia mtu mwenye kodi ya nyumba akagombane getini. Fanya linalowezekana. Andika mwenyewe tarehe uliyoanza, kiasi ulichoahidiwa na jina la aliyekuahidi. Kagua michango yako ya NSSF, uone imeanza lini na kama kuna mwezi umerukwa. Ukiachishwa, usikae ukisubiri bosi apoe: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa kwa Tume ndani ya siku 30, na ofisi Mwanza ipo. Na kila ukiruhusiwa kwa mdomo, shukuru kwa meseji siku hiyohiyo, kwa adabu, ukitaja tarehe. Hakuna bosi anayemfukuza mtu kwa kumshukuru. Namna hii:

"Shikamoo bosi. Nashukuru kwa ruhusa uliyonipa leo saa 4 asubuhi. Naondoka Jumatatu tarehe 10 kwenda Nansio kwenye msiba wa baba mdogo. Narudi kazini Jumatatu tarehe 17, zamu ya asubuhi. Kama nimekosea siku, naomba unirekebishe."

Akikujibu "Sawa, poleni sana", usiifute hiyo meseji.