Kuku kudonoana: kinga ya mwili ndo inaanza kuyumba au kudonoana ndo kunaanza?

Mfugaji akikuta matetea wameanza kunyofoana manyoya ya mgongoni na mkiani, wengi cha kwanza ni kukimbilia duka la dawa kuchukua vitamini, cha pili kuita mtu aje kukata midomo. Mimi pia nilianza hivyo hivyo. Ila kuna swali ambalo naona tunalipita haraka sana, kuku anayedonoa wenzake mwili wake ukoje ndani?

Maelezo tuliyozoea ni kwamba kudonoana kunatangulia, kinga inashuka baadae. Na yana nguvu kweli, kuku ameumbwa kutumia muda mwingi wa siku kuparua na kudonoa chini, sasa ukimbana kwenye banda lenye maranda yaliyogandamana na mwanga mkali hana pa kupeleka mdomo zaidi ya mgongo wa mwenzake. Anayedonolewa anabaki na msongo, homoni za msongo zikikaa juu muda mrefu kinga inalala, halafu ngozi iko wazi na kidonda ni mlango wa bakteria kama E. coli. Bado hujahesabu chakula, maana kuku asiye na manyoya anapoteza joto na anakula zaidi ili tu apate joto.

Lakini hapo tumemuelezea anayedonolewa. Anayedonoa je? Kwanini kwenye banda moja, chakula kimoja, ni wachache tu wanaoanza?

Hapa upande wa pili, kwamba mambo ya kinga ndo yanatangulia, unanivutia. Denmark walizalisha koo mbili za White Leghorn (kuku wa mayai), moja inadonoa sana nyingine kidogo, na zilitofautiana serotonini (kemikali ya mwilini inayogusa hisia na tabia) na hata mambo ya kinga, sio tabia peke yake. Uholanzi nao walipopima hali ya manyoya wakakuta inahusiana na jeni za kinga, zile za intalukini (protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana taarifa), pamoja na jeni ya kipokezi cha serotonini, yaani sehemu ya seli inayoipokea. Kinachotajwa kuunganisha kinga na tabia ni triptofani, kirutubisho kinachotoka kwenye protini ya chakula: mwili unaitumia kutengeneza serotonini, ila kinga ikiwaka sehemu yake inaweza kuelekezwa njia nyingine, ubongo ukapungukiwa. Na vifaranga waliopewa triptofani nyingi kwenye chakula walipunguza kudonoana kule kwa upole, kusiko kwa kunyofoa manyoya.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanasema basi chanjo, kwa kuwa zinaamsha kinga, ndo zinaleta kudonoana, hapana jamani, huo ni mruko mkubwa mno. Kideri ikiingia banda lisilochanjwa unaweza kuzika kuku wote, manyoya hayatakuwa ishu tena. Ninachokubali ni kwamba tusirundike misukosuko: chanjo, kubadilisha chakula na kuhamisha banda wiki moja ni kumtwisha kuku mizigo mitatu.

Kwa uamuzi wangu banda linaamua kama tabia itatoka, damu inaamua nani ataanza. William Muir, mtaalamu wa jenetiki ya mifugo wa Marekani, alichagua mbegu kwa kuangalia kizimba kizima badala ya kuku mmoja mmoja, bila kukata midomo, matokeo aliyoyatoa 1996 yanaonyesha vifo kushuka toka 68% hadi 8.8% kwa vizazi vichache tu. Kwahiyo swali la kumuuliza anayekuuzia vifaranga sio mayai mangapi kwa mwaka peke yake, muulize pia hiyo mbegu ikikaa kundi kubwa na midomo yake mizima inaishije.